Mita ya bei poa na umeme wa Nyanda za Juu

Kwenye meza za vifaa vya umeme, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, mita ya fundi huchaguliwa kwa macho: kioo kinasomeka, nyaya zipo, na kwenye swichi ya kuzungusha kuna namba kubwa. Ile ndogo ya manjano, DT830, mara nyingi huandikwa volti 750 za AC na 1000 za DC. Umeme wa nyumbani ni volti 230, wa njia tatu ni 400. Mnunuzi anapiga hesabu, anaona ziada ni kubwa, analipa.

Hesabu hiyo imesahau radi. Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, radi ikipiga karibu na laini, volti hupanda hadi maelfu na kushuka kabla hujapepesa jicho. Mota kubwa inayozimwa, ya kinu cha mahindi au ya msumeno wa mbao kule Mafinga, nayo hurusha volti kwa kiasi chake. Mita iliyo mkononi saa hiyo lazima istahimili kishindo hicho bila kupasuka.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 61010 kinapanga mita kwa mahali zinapotumika. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni ya meni swichi na mota zilizofungwa ndani ya jengo. CAT IV ni ya kule umeme unakoingilia, kutoka nguzoni hadi kwenye LUKU. Kadiri unavyoikaribia transfoma, ndivyo umeme unavyokuwa na nguvu zaidi ya kusukuma.

Hapo namba hudanganya. Mita ya CAT II yenye volti 1000 na ya CAT III yenye volti 600 hujaribiwa zote kwa kishindo cha volti 6000. Lakini ya kwanza hupigwa kupitia ukinzani wa omu 12, yaani ampea 500. Ya pili kupitia omu 2, yaani ampea 3000. Yenye namba ndogo ndiyo ngumu zaidi.

Hata bila radi, kuna kosa la kawaida: fundi amepima mkondo, waya mwekundu ukabaki kwenye tundu la ampea 10, kisha akaenda kupima volti kwenye meni swichi. Nyuma ya tundu hilo kuna kipande cha waya mnene tu, hivyo amepiga shoti kwa mkono wake. Kwenye DT830 tundu hilo huandikwa wazi kuwa halina fyuzi. Nyingine zina fyuzi ndogo ya kioo ya volti 250. Hiyo inaweza kukatika huku cheche zikiendelea kuwaka ndani yake. Mita nzuri ina fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga ya volti 600 au 1000, na mchanga huo ndio unaozima cheche.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Mita nyingi hutengenezwa kwa matumizi yasiyozidi kimo cha mita 2000 kutoka usawa wa bahari. Miji ya Mbeya na Iringa iko chini ya hapo, lakini Uwanda wa Kitulo unafika karibu mita 2600. Hewa nyepesi huruhusu cheche kuruka kirahisi zaidi, na kwa kimo hicho IEC hutaka nafasi kati ya sehemu zenye umeme iongezwe kwa asilimia 14.

Anayetengeneza redio, betri za pikipiki au sola ndogo hana sababu ya kuitupa mita yake ya manjano. Anayefungua meni swichi anunue ya CAT III volti 600, yenye alama ya maabara huru kama UL au TÜV, kwa kuwa CE mara nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Muuzaji akikubali, afungue mgongo aone fyuzi. Maandishi ya CAT IV juu ya fyuzi ya kioo ni ya kutiliwa shaka.

Na mita yoyote ile ipimwe kwanza kwenye soketi inayojulikana ina umeme, kisha kwenye waya wa kazi, kisha irudishwe kwenye soketi ile. Mita iliyoungua inaweza kuonyesha sifuri kwenye waya wenye umeme, na fundi akiiamini sifuri hiyo ataushika.