Albamu ya Genji: Picha na Mwandiko Havitenganishwi

Hadithi ya Genji, iliyotungwa na Murasaki Shikibu, bibi wa kasri la kifalme la Japani, mwanzoni mwa karne ya 11, ina sura 54. Mwaka 1510 ilikamilika albamu iliyoipa kila sura picha moja na ukurasa mmoja wa mwandiko. Picha zilichorwa na Tosa Mitsunobu. Mwandiko ni wa mabingwa sita wa khati. Leo albamu hiyo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Wengi hudhani mwandiko umewekwa kueleza picha. La hasha. Ukurasa mmoja hauwezi kubeba sura nzima, hivyo lazima ichaguliwe mistari michache tu. Kuchagua huko ni kuifasiri sura.

Chukua sura ya 5. Binti mdogo analia kwa sababu shomoro wake ameachiwa akaruka, naye Genji, mhusika mkuu, anachungulia kutoka nje ya ua. Wachoraji wa Genji walilipenda sana tukio hili. Katika mtindo wao nyumba huchorwa bila paa, ili mtazamaji aone ya ndani na ya nje kwa pamoja. Lakini nyuso hazisemi mengi: jicho ni mstari mwembamba, pua ni kijindoano. Huzuni na tamaa utazitafuta katika maneno, na katika mkono ulioyaandika. Brashi ikitoka kuchovywa, herufi huwa nene na nyeusi; wino ukipungua, hufifia na kukonda. Msomaji huusikia mwendo wa sauti kwa macho.

Albamu hii ilizaliwa baada ya balaa. Vita vya Onin, kuanzia 1467 hadi 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto na kuwafilisi makabaila wake. Wababe wa kivita wa mikoani, wenye mali na kiu ya utamaduni wa kasri, wakawa wateja wao. Walioagiza albamu hii ni ukoo wa Sue, wa mkoa wa Suo, magharibi mwa Japani. Kwao, mkono wa msomi kama Sanjonishi Sanetaka, mmoja wa wale sita, ulikuwa hazina sawa na rangi za Mitsunobu.

Ndiyo maana inasikitisha picha hizi zinapochapishwa peke yake. Anayeonyeshwa picha bila mwandiko ameonyeshwa nyuso zilizonyimwa sauti.