Mpapai dume hauzalishwi kwa msumari

“Nipige misumari mingapi?” Swali hili haliishi, na safari hii limetoka Upanga, kwenye ua wa nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa. Mpapai umepita ukuta kwa urefu, umejaa maua, hauzai. Mmoja kamwambia mwenye nyumba agongelee msumari wa inchi nne shinani, mwingine kasema akate kilele na kukifunika kopo.

Hata mmoja usipige. Jinsia ya mpapai huo iliamuliwa kabla mbegu yake haijaonja udongo. Punje ya chavua ikitua juu ya ua jike huchipua mrija unaopenya hadi kwenye yai changa. Mrija hupeleka chembe mbili za kiume: moja huungana na yai na kuwa kiini cha mmea, na ya pili hutengeneza chakula cha awali cha kiini hicho. Chavua ya mpapai dume ni ya aina mbili, nusu huzaa majike, nusu madume. Kila mbegu nyeusi ndani ya papai ilipata punje yake, na uamuzi ulipita hapo hapo. Tangu siku hiyo kila chembe ya mti, kuanzia mzizi hadi jani, ina kromosomu za dume. Msumari utazibadilishaje? Shina la mpapai ni laini na lina uwazi katikati. Unachofungua ni njia ya uozo.

Najua utakachonijibu: kwa fulani walipiga, ukazaa. Mpapai dume huweza kuzaa wenyewe hali ya hewa inapobadilika. Baadhi ya maua hukuza mfuko wa mbegu, na vipapai vyembamba vikaning’inia kwenye vikonyo virefu. Ungezaa bila kuguswa, na msimu ukigeuka utaacha, msumari ukiwa palepale.

Ukitaka kujua jinsia ya mpapai wako, chuma ua ulipasue kwa kucha. La dume ni jembamba, lina stameni kumi na huning’inia kwenye kikonyo kirefu chenye matawi. La jike ni nene, limekaa karibu na shina, halina stameni, na ndani kuna kidude cha kijani chenye kishada cha vinyuzi kichwani. Lenye vyote viwili ni huntha.

Wanaokata madume yote nao wanakosea, kwa sababu majike yasipopata chavua kwa kawaida hupukutisha maua. Utafiti wa Dino Martins na mwenzake nchini Kenya ulionyesha kwamba wachavushaji wakuu wa mipapai huko ni nondo wakubwa wa jioni. Ua jike halina asali, nondo huliendea kwa kudhani ni dume. Anayepuliza dawa ya wadudu jioni anajinyima papai.

Sasa ufanye nini? Dume lako liache kama kuna majike jirani. Kama hakuna, ng’oa. Nafasi ya mti mmoja ni ya huntha: nunua mbegu zake kwenye maduka ya pembejeo Kariakoo. Mbegu za huntha aliyejichavusha hutoa huntha wawili kwa jike mmoja, dume hakuna. Za papai la sokoni ni bahati nasibu, baba hajulikani. Ukizitumia, zisugue kwa majivu hadi utelezi uishe, maana ndio unaozizuia kuota, kisha zianike kivulini. Panda miche mitatu shimo moja, ungoje maua, kati ya miezi mitano na minane, ubakize huntha mmoja.