Hospitali Nazo Zisifiche Maradhi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mgonjwa. Leo naomba tuwaelekezee pia wenye hospitali.

Jirani yangu hapa Riruta aliota uvimbe shingoni. Katika hospitali ya kwanza alikatwa kipande cha nyama, kikapimwa. Alipohamishiwa ya pili alikwenda na daftari lake tu, lile tunalonunua dukani, kwani majibu ya maabara yalibaki kabatini kule alikotoka. Akakatwa upya, akalipa upya, akangoja upya kwa majuma sita. Uvimbe haukumngoja.

Hili lasikitisha zaidi kwa kuwa ni hapa Afrika Mashariki ambako faida ya kushirikiana ilidhihirika zamani. Mwaka 1957 Dkt. Denis Burkitt, mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya. Hakutosheka na wagonjwa wake mwenyewe. Aliziandikia hospitali nyingi barani kuuliza kama zimeona mfano wake, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya maili zipatazo 10,000, akizizuru hospitali zaidi ya 50. Majibu yalipowekwa juu ya ramani, ilibainika kwamba saratani hiyo huandama sehemu zenye joto na mvua nyingi. Kazi hiyo iliwachochea watafiti wa London, ambao mwaka 1964 waligundua virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Wapo watakaouliza: na siri ya mgonjwa je? Swali hilo ni la haki. Mgonjwa asianikwe sokoni. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Lakini kumlinda mgonjwa dhidi ya wambea si kumficha daktari anayemtibu. Aombwe ridhaa, kisha majibu yake yamfuate aendako. Kwa utafiti, jina lake na liondolewe.

Walimu wenzangu, mwanafunzi ahamapo shule humpa barua na ripoti yake, na hakuna amrudishaye darasa la kwanza. Je, mgonjwa ahamaye hospitali anastahili heshima ndogo kuliko hiyo?