Mvumo wa Masikio na Uchaguzi wa Dawa za Kutuliza Maumivu

Mtu mwenye mvumo masikioni, yaani yule asikiaye mlio, filimbi au mngurumo ambao hautoki nje ya mwili wake, hufika kwenye dirisha la dawa akiwa na shida mbili kwa pamoja. Goti au mgongo unamuuma, na masikio yanavuma. Akinunua dawa na kuisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, mara nyingi atakuta humo onyo kwamba dawa hiyo yaweza kusababisha mvumo masikioni. Wapo wanaoiweka kando na kuyavumilia maumivu kwa wiki nzima, wakikosa usingizi, na kukosa usingizi nako huuzidisha mvumo. Wapo pia, na hao ndio wa kutiliwa wasiwasi zaidi, wanaoacha asprini waliyoandikiwa kwa ajili ya moyo bila kumwarifu daktari.

Onyo lile ni la kweli, ila mara nyingi halitaji jambo ambalo ndilo kiini cha habari yote: kiasi cha dawa, na muda inaotumiwa.

Asprini ndiyo mfano unaofahamika kuliko yote. Zamani, kabla ya kupatikana dawa nyingine za baridi yabisi, madaktari waliwapa wagonjwa gramu kadhaa za asprini kila siku, na baadhi yao waliongeza dozi hatua kwa hatua hadi masikio ya mgonjwa yaanze kuvuma, kisha wakaipunguza kidogo. Mvumo ulikuwa ndio kipimo chao cha kwamba dawa imefika ukomo wake. Hilo liliwezekana kwa sababu mvumo wa asprini kwa kawaida hauharibu sikio. Ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio la ndani chenye umbo la konokono, zimo seli zenye vinywele ambazo hurefuka na kufupika ili kuikuza sauti hafifu. Seli hizo hutegemea protini iitwayo prestini. Asprini ikiwa nyingi katika damu huizuia protini hiyo kufanya kazi, usikivu hupungua na mvumo hutokea. Dawa ikitoka mwilini, protini hurejea kazini, na mvumo hupoa kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu.

Vidonge viwili vya miligramu 300 kwa ajili ya kichwa kinachouma mara moja havifikii kiwango hicho kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Asprini ya moyo, ambayo ni miligramu 75 hadi 100 kwa siku, iko mbali zaidi. Anayeitumia baada ya mshtuko wa moyo au kiharusi asiiache kwa sababu ya masikio; kuiacha ghafla kwaweza kumrudishia ugonjwa ule ule uliokaribia kumuua. Kama mvumo ulianza tangu alipoanza dawa hiyo, amweleze daktari wake, na uamuzi ufanywe na daktari.

Dawa nyingine za kundi hilo, kama vile ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni, nazo zimetajwa kusababisha mvumo, ingawa si mara nyingi kama asprini ya dozi kubwa. Hapa utafiti mmoja mkubwa unastahili kutajwa. Mwaka 2022 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi maelfu ya wanawake wauguzi. Waliozitumia dawa hizi karibu kila siku walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mvumo wa kudumu, kwa takriban asilimia 20, kuliko wasiozitumia mara kwa mara. Asprini ya dozi ndogo haikuonyesha uhusiano huo. Lililowashangaza wengi ni kwamba parasetamoli ilionyesha uhusiano unaokaribia huo huo. Hata hivyo, utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoleta mvumo. Huenda anayemeza dawa kila siku ana ugonjwa mwingine unaoyaathiri masikio pia. Tena ulihusu matumizi ya karibu kila siku, wala si kidonge cha mara moja moja.

Kwa hiyo, kwa maumivu ya kawaida ya siku chache, parasetamoli hubaki kuwa chaguo la kwanza kwa mwenye mvumo. Mtu mzima humeza miligramu 500 hadi 1,000, na haongezi dozi nyingine kabla ya saa nne kupita, bila kuzidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au anywaye pombe kwa wingi anapaswa kupewa dozi ndogo zaidi kwa ushauri wa daktari. Ikiwa maumivu yanatokana na uvimbe, kama kifundo kilichoteguka, ibuprofeni ya dozi ndogo kwa siku tatu hadi tano yaweza kutumika hata kwa mwenye mvumo, mradi hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, wala si mjamzito. Mvumo ukizidi, aiache na aandike tarehe. Ukipoa siku chache baadaye, amepata habari yenye thamani kuhusu mwili wake. Usipopoa, chanzo kitafutwe kwingine.

Tatizo kubwa katika maduka yetu ya dawa ni asprini iliyojificha. Vidonge vingi vya mafua na vya kichwa huchanganya dawa mbili au tatu, na jina la mbele ya pakiti halisemi ni zipi. Mgonjwa aliyeambiwa aepuke asprini aweza kuinunua bila kujua. Na anayetumia parasetamoli aweza kuimeza mara mbili kwa majina mawili. Maandishi madogo ya nyuma ya pakiti ndiyo ya kusomwa, na asiyeweza kuyaona amwombe muuzaji amsomee.

Dawa za kuchua nazo zina siri yake. Ile harufu kali inayofungua pua mara nyingi ni ya methili salisileti, ambayo ni ndugu wa asprini na hupenya kwenye ngozi. Kuchua goti kiasi hakuna neno. Kuchua mgongo mzima na miguu mara nyingi kwa siku, kisha kujifunika blanketi, ni habari nyingine. Mafuta yenyewe yasiyochanganywa ni sumu kali yakinywewa: kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 7 za salisileti, kiasi kinachoweza kumuua mtoto mdogo. Jeli ya diklofenaki ni tofauti. Ni sehemu ndogo tu yake inayoingia katika damu, na kwa goti au mkono wa mzee mwenye mvumo, mara nyingi huwa chaguo bora kuliko kidonge.

Wagonjwa wengi huomba sindano ya diklofenaki wakiamini ina nguvu zaidi. Hufika haraka kidogo, lakini dawa ni ile ile na madhara ni yale yale. Kwa mwenye mvumo sindano haina faida ya pekee, na mhudumu asione aibu kusema hivyo.

Pale ambapo mhudumu anapaswa kusita kweli ni dawa zinapokutana. Jentamaisini, amikasini na dawa za saratani kama sisplatini zaweza kuua zile seli za sikio, na seli hizo zikifa hazioti tena. Furosemaidi ya mshipa kwa dozi kubwa huongeza hatari hiyo. Diklofenaki au ibuprofeni, kwa kudhoofisha figo, huzifanya dawa hizo zikae mwilini muda mrefu zaidi. Mgonjwa aliyelazwa kwa sindano za jentamaisini, kisha akaongezewa diklofenaki kwa ajili ya maumivu, yumo katika hatari ambayo karatasi yake ya dawa haionyeshi kwa macho ya haraka. Kwinini pia huvumisha masikio, kama wazee waliotibiwa malaria kwayo wakumbukavyo vizuri. Kuiongezea asprini juu yake si busara.

Tramadoli haipaswi kuwa kimbilio la kuepuka mvumo. Hulevya, huzoewa, na kuiacha ghafla huleta taabu ambayo yaweza kuambatana na mvumo wenyewe. Anayelazimika kumeza dawa ya kichwa zaidi ya siku 10 kwa mwezi apimwe upya, maana dawa zenyewe zaweza kuwa ndizo zinazokiumiza kichwa. Vivyo hivyo maumivu ya taya na ya shingo: mara nyingine ndiyo yanayozalisha mvumo, na kuyatibu kwa mazoezi au kwa daktari wa meno huyapunguzia masikio kelele.

Mvumo ulioambatana na kupungua ghafla kwa usikivu, hasa wa sikio moja, usisubirishwe kwa kubadilisha vidonge. Mgonjwa afikishwe kwa daktari wa masikio siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa kuwa matibabu huwa na matumaini zaidi yakianza mapema. Hivyo pia kwa mvumo unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, kizunguzungu kikali au uso uliopooza upande mmoja.

Kwa mhudumu wa duka la dawa muhimu au zahanati, maswali matatu yanatosha kabla ya kutoa dawa: masikio yanavuma tangu lini, ni dawa gani nyingine mgonjwa anazotumia, zikiwemo za kuchua na za sindano, na kama figo, moyo au tumbo vimewahi kumsumbua. Kwa Tanzania, mvumo ulioanza baada ya dawa mpya huripotiwa kwa TMDA kwa fomu ya njano, hata kama mhudumu hana hakika kwamba dawa ndiyo chanzo.