Tanzania yavuka na pointi 2, Kenya yatoka na pointi 3: hesabu za makundi ya AFCON hizi hapa

Wadau, hili swali limezunguka sana vijiweni na kwenye vibanda umiza, naona bora tulimalize hapa hapa. Swali lenyewe ni hili: AFCON ya 2019 kule Misri, Harambee Stars ya Kenya ilipata pointi 3 ikarudi nyumbani. AFCON ya 2025 kule Morocco, Taifa Stars ya Tanzania ilipata pointi 2, haikushinda hata mechi moja, ikaingia 16 bora. Iweje?

Kuna wanaosema ni bahati. Kuna wanaosema ni mbeleko. Mbeleko hakuna, na bahati ipo kidogo tu. Kubwa ni kanuni, na kanuni hizi ukizielewa hutaangalia mechi za makundi kama zamani. Hata mechi ambayo timu yako inafungwa utaiangalia mpaka kipenga cha mwisho, na sababu yake utaiona hapa chini.

MASHINDANO YENYEWE YAKOJE

Timu ni 24. Zinagawanywa makundi 6, kila kundi timu 4, na kila timu inacheza na wenzake watatu mara moja moja. Ushindi pointi 3, sare pointi 1, kufungwa patupu.

Hapo tuna mechi 36 za makundi. Baada ya hapo ni mtoano: 16 bora, robo fainali, nusu fainali, mechi ya mshindi wa tatu na fainali. Jumla mechi 52. Bingwa anacheza mechi 7.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mashindano ya kwanza, 1957 Khartoum, zilicheza timu tatu tu: Misri, Sudan na Ethiopia. Tanzania ilipokwenda mara ya kwanza, 1980 Nigeria, timu zilikuwa 8. Mwaka 1992 zikawa 12, mwaka 1996 mashindano yakapangwa kwa timu 16, na 2019 ndiyo tukafika 24.

Sasa hapo kwenye 24 ndipo hesabu inapochanganya watu. Makundi 6, ukichukua wawili wawili wa juu unapata timu 12. Mtoano unataka 16. Nne zilizobaki zinatoka wapi? Zinatoka kwa walioshika nafasi ya tatu. Wako sita, wanne wanavuka, wawili wanafunga mabegi. Hao wanne mtaani tunawaita washindwa bora.

TIMU ZIKILINGANA POINTI NDANI YA KUNDI

Tuliozoea Ligi Kuu ya England tunakimbilia tofauti ya mabao. AFCON siyo hivyo. Kwenye kundi, timu mbili zikilingana pointi, CAF wanaangalia kwanza nyie wawili mlipokutana nini kilitokea. Mpangilio ni huu:

1. Pointi kwenye mechi baina ya timu zilizolingana.
2. Tofauti ya mabao kwenye mechi hizo.
3. Mabao ya kufunga kwenye mechi hizo.
4. Bado hamjatengana? Sasa ndiyo inakuja tofauti ya mabao ya mechi zote za kundi.
5. Kisha mabao yote ya kufunga.
6. Yote yakishindikana, kura.

Tuchukue mifano ya kweli. AFCON ya 2021, iliyochezwa Januari 2022 Cameroon, Guinea na Malawi walimaliza na pointi 4 kila mmoja. Wote walifunga mabao 2 na kufungwa 2. Sawa kabisa! Lakini Guinea alikuwa amemfunga Malawi 1-0 walipokutana, basi Guinea akawa wa pili na Malawi wa tatu. Malawi akavuka kama mshindwa bora.

Kama mlitoka sare, ndipo mnahamia mabao ya jumla. AFCON ya 2023 kule Ivory Coast (ilichezwa mwanzoni mwa 2024), Tanzania na Zambia walipata pointi 2 kila mmoja na walikuwa wametoka 1-1. Tanzania alikuwa amepigwa 3-0 na Morocco, Zambia alifungwa na Morocco huyo huyo 1-0 tu. Zambia wa tatu, Stars ya mwisho. Angalia hapo: pointi 2 za 2023 ziliiburuza Stars mkiani, pointi 2 za 2025 zikaipeleka 16 bora.

Na kura jamani ipo kweli, siyo hadithi. AFCON ya 2015, Guinea na Mali walitoka 1-1 mechi zote tatu, ikiwemo waliyocheza wao kwa wao. Hakuna kilichowatenganisha. Ikachezeshwa kura, Guinea akaenda robo fainali, Mali akapanda ndege kurudi nyumbani bila kufungwa hata mechi moja.

MSIMAMO WA SABA

Watu wengi wanaangalia misimamo sita ya makundi wanasahau kwamba upo wa saba, wa walioshika nafasi ya tatu. Huu una kanuni zake. Hawa hawajakutana, kwa hiyo huwezi kuuliza nani alimfunga nani. Zinaangaliwa pointi, zikilingana tofauti ya mabao, ikilingana mabao ya kufunga, mwisho kura.

AFCON ya 2025 msimamo huo ulisoma hivi:

Msumbiji: pointi 3, kafunga 4, kafungwa 5
Benin: pointi 3, kafunga 1, kafungwa 4
Sudan: pointi 3, kafunga 1, kafungwa 5
Tanzania: pointi 2, kafunga 3, kafungwa 4
Angola: pointi 2, kafunga 2, kafungwa 3
Komoro: pointi 2, hajafunga, kafungwa 2

Wanne wa juu wakapita. Tanzania na Angola wote wana pointi 2, wote wana hasi 1. Kilichowatenganisha ni bao moja la kufunga.

BAO LA MECHI WALIYOFUNGWA

Hapa ndipo utamu ulipo. Stars ilianza na Nigeria ikafungwa 2-1. Bao la Tanzania alifunga Charles M'Mombwa mwanzoni mwa kipindi cha pili, na haikupita muda Ademola Lookman akaipa Nigeria la pili. Baada ya mechi watu wengi walisema yale yale ya kila siku: tumecheza vizuri tumefungwa, bao letu limetusaidia nini?

Limesaidia kila kitu. Litoe hilo bao uone. Mechi inakuwa 2-0, Stars inamaliza na mabao 2 ya kufunga na 4 ya kufungwa, yaani hasi 2. Angola ana hasi 1. Angola anavuka, Stars inabaki. Sare na Uganda 1-1 na sare na Tunisia 1-1, ile ya bao la Feisal Salum, zote zingekuwa kazi bure.

Na majirani zetu Uganda nao wana lao la kusimulia. Kwenye mechi yao na Tanzania, ikiwa tayari 1-1, walipata penalti dakika za majeruhi, Allan Okello akaipaisha. Ingeingia, Uganda angekuwa na pointi 3 na Tanzania pointi 1. Hata baada ya kupigwa 3-1 na Nigeria mechi ya mwisho, Uganda angemaliza wa tatu na angevuka. Penalti moja iliamua nani aende na nani abaki kati ya ndugu wawili wa Afrika Mashariki.

SASA KENYA ALIKOSEA WAPI?

Kenya 2019 alifungwa 2-0 na Algeria, akamfunga Tanzania 3-2, akapigwa 3-0 na Senegal. Pointi 3, hasi 4. Mwaka huo washindwa bora walikuwa Guinea wenye pointi 4, halafu Kongo, Benin na Afrika Kusini wenye pointi 3 kama Kenya lakini mabao yao mazuri zaidi. Afrika Kusini aliyepita wa mwisho alikuwa na hasi 1.

Sasa rudi kwenye msimamo wa 2025 hapo juu umwangalie Sudan. Pointi 3, hasi 4. Ni hesabu ile ile ya Kenya, na Sudan akavuka! Kwa hiyo usimdanganye mtu kijiweni kwamba "pointi 3 zinatosha" au "hazitoshi". Inategemea makundi mengine yamekwendaje. Pointi 4 ndizo zinakupa usingizi. Pointi 3 au 2 zinakufanya uwashe redio kusikiliza mechi za watu.

MECHI ZA MWISHO NA SAA

Mechi mbili za mwisho za kila kundi zinaanza muda mmoja. Hili linatokana na Kombe la Dunia la 1982 Hispania. Algeria alimaliza mechi zake, kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani wakijua kwamba Ujerumani akishinda 1-0 wote wawili wanapita. Bao likaingia mapema, baada ya hapo wakapigiana pasi mpaka mwisho. Algeria nje. Kuanzia 1986 FIFA wakaweka mechi hizo muda mmoja.

Lakini kanuni hiyo inalinda ndani ya kundi tu. Makundi yenyewe yanamalizika siku tofauti. Mwaka 2025, Angola na Komoro walimaliza tarehe 29 Desemba wakakaa kusubiri. Stars ilicheza na Tunisia tarehe 30, tayari ikijua hesabu za Angola na Komoro. Hii ni faida ya wazi kwa makundi ya mwisho, na kwa maoni yangu ndiyo kasoro kubwa ya mfumo wa timu 24.

UKIVUKA UNAKUTANA NA NANI?

Mshindwa bora hapewi mteremko. Washindi wa makundi A, B, C na D ndio wanaokutana na walioshika nafasi ya tatu. Ndiyo maana 2025 Stars iliangukia kwa wenyeji Morocco, washindi wa kundi A, ikatolewa kwa 1-0. Benin akapewa Misri, Msumbiji akapewa Nigeria, Sudan akapewa Senegal. Wote wanne walitolewa.

Msikate tamaa lakini. AFCON ya 2023 Ivory Coast, wakiwa wenyeji, walipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakamaliza wa tatu na pointi 3, kocha akaondoka kabla hata mashindano hayajaisha. Walipona kwa sababu Morocco alimfunga Zambia 1-0. Wakamkabidhi timu Emerse Faé, wakaenda mpaka fainali wakamfunga Nigeria 2-1 na kubeba kombe. Mshindwa bora akawa bingwa wa Afrika!

Kwenye mtoano hakuna hesabu ndefu. Dakika 90 zikiisha sare, zinaongezwa dakika 30. Bado sare, matuta.

TUSIJE TUKASHANGAA

Septemba 2023 CAF ilizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027. Kila mashindano yana kanuni zake zinazochapishwa, kwa hiyo zikitoka zisomeni, msingoje kusimuliwa. Na siku timu yako imeshafungwa mbili bila, dakika ya 85, usiinuke kwenye benchi ukaondoka. Bao la kufutia machozi linaweza kuwa tiketi ya 16 bora.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyie mnaonaje, hii ya washindwa bora ibaki au turudi kwenye timu 16, wawili wa juu wanapita basi? Tupieni maoni hapo chini, ila matusi hapana.