Gharama za mazingira zisimwangukie mkulima

Kwa miaka mingi mjadala wa chakula kinachoagizwa kutoka mbali umetawaliwa na hesabu ya kilomita. Mwaka 2007 maduka makubwa ya Uingereza yalianza kubandika alama ya ndege kwenye mazao yaliyosafirishwa kwa anga, na mishiri ya Kenya ikatazamwa kama mkosaji. Ni kweli ndege huchafua hewa kuliko meli kwa mbali, ila chakula kinachopanda ndege ni kidogo mno. Utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa usafirishaji huchangia takriban asilimia 6 tu ya gesijoto zitokanazo na chakula. Kahawa ya Kilimanjaro husafiri kwa meli, magunia 320 hivi ya kilo 60 katika kontena moja. Mwagizaji anayejali mazingira aanze na shamba, na akifika huko atakutana na swali la fedha.

Tazama kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga: miti mirefu juu, migomba katikati, mibuni chini yake, magimbi kando ya mfereji. Kivuli hicho hutunza unyevu na kushika udongo wa mteremko, lakini kahawa ya kivulini kwa kawaida huzaa kidogo kuliko ya juani. Ikishavunwa humenywa, huchachushwa na kuoshwa, na maji yale yenye utelezi na harufu kali yakirudi mtoni humaliza oksijeni ya viumbe. Kuyazuia kunahitaji mabwawa ya kuyatibu, au mashine zinazotumia maji kidogo. Kwa hiyo mkulima anayetunza mazingira huvuna pungufu na kutumia zaidi, huku sifa ikichapishwa kwenye pakiti ya mwingine.

Sasa limeongezeka sharti la Umoja wa Ulaya, sheria ya 2023 ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, linalotaka kahawa ithibitishwe kuwa haikutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba lazima lijulikane lilipo kwenye ramani. Lengo ni jema na siliungi mkono nusunusu, kwani misitu ikiisha, mvua za kahawa nazo zitayumba. Lakini kuzunguka na simu kupima maelfu ya vihamba visivyofika hata hekta moja ni kazi ya mishahara na mafuta, na mara nyingi huangukia chama cha ushirika.

Wapo watakaosema mfumo wa biashara ya haki wa Fairtrade umeshalipia gharama hizo kwa nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili. Nyongeza hiyo ni ya wanachama, nao huamua ijenge darasa au zahanati. Kuigeuza ada ya masharti ya mnunuzi ni kuwanyang'anya uamuzi huo. Hoja nzito zaidi ni kwamba mlaji hatakubali bei kupanda. Hata hivyo, mapema mwaka 2025 kahawa aina ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili katika soko la dunia, zaidi ya maradufu ya bei ya chini ya Fairtrade ya dola 1.80, na watu waliendelea kunywa. Gharama ya mabwawa na upimaji iandikwe kwenye mkataba wa miaka kadhaa, mstari wake peke yake, na sehemu yake ilipwe kabla ya msimu, wakati chama bado kinatafuta fedha za kununulia saruji.