Islii: Mtaa Uliogeuza Ramani ya Nairobi

Nairobi ilichorwa na wakoloni kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijitengea miinuko ya magharibi, Waafrika wakasukumwa mashariki, na Wahindi wakapewa mitaa ya kati na kandokando yake. Mtaa wa Eastleigh, ulioko mashariki, ambao wakazi wa jiji huuita Islii, ulitambuliwa rasmi mwaka 1921 ukawa makazi ya Wahindi pamoja na Wasomali wa mwanzo waliofika Nairobi. Baada ya uhuru Wahindi wengi waliondoka, na nyumba zao nyingi zikanunuliwa na Wakikuyu.

Nyumba hizo zina sehemu kubwa katika kisa hiki, kwa kuwa nyingi zilijengwa kwa vyumba vilivyozunguka ua. Nyumba ya namna hiyo ni rahisi kuigeuza gesti.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilianguka na Wasomali wakaikimbia nchi yao. Kenya ilitaka wakimbizi wakae kambini, hasa Dadaab. Waliofika jijini walikuwa hawana kibali cha kazi wala benki ya kuwakopesha, lakini Islii palikuwa na ndugu, misikiti na vyumba vya kupanga. Katika gesti iliyoitwa Garissa Lodge, wapangaji walianza kuuza bidhaa chumbani humo humo. Mchana mlango uliachwa wazi ili mteja aone nguo zilizotandazwa. Usiku mzigo ulisukumwa chini ya kitanda na mwenye chumba akalala. Mzigo ulitoka Dubai, na kwa kuwa gharama zilikuwa ndogo, bei iliwashinda wenye maduka katikati ya jiji. Gesti ikageuka soko. Kisha zikaja ghorofa za maduka, moja baada ya nyingine, zilizokatwa vibanda vidogo ambavyo mtu hulipia kilemba kikubwa kabla hata ya kodi ya mwezi.

Husemwa kwamba Wasomali wamejitenga. Mimi naona shutuma hiyo si ya haki. Mtu asiyelindwa na sheria hukaa karibu na wanaomjua, kwa sababu huko ndiko anakopata mali kwa mkopo bila karatasi, kwa kuaminiana tu. Tena ukiingia kwenye hizo ghorofa utawakuta Waoromo wa Ethiopia, wauzaji wa Kikamba na Kikikuyu, Wameru wenye miraa, na wanunuzi kutoka Uganda na Tanzania. Mashariki ya jiji, ambako mkoloni aliwatengea wanyonge, sasa ndiko wenye maduka wa mitaa mingine wanakofuata bidhaa za jumla.

Lakini mali hiyo haikumnufaisha kila mtu. Kodi ya vyumba ilipanda, na wapangaji wa kipato cha chini wakalazimika kutafuta vyumba kwingine. Barabara nazo zilibaki matope na maji taka kwa miaka mingi, huku mtaa ukilipa kodi za serikali kama mitaa mingine.

Aprili 2014, katika msako wa polisi dhidi ya ugaidi ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Biashara ilidorora, na baadhi ya wenye mitaji wakahamishia fedha nje ya Kenya. Waliobaki waliendelea kujenga. Familia zilizopata uwezo zimenunua nyumba South C na kwingineko, na huko nako misikiti, mikahawa na maduka yao yamezifuata, ingawa biashara yenyewe bado wanaiendesha Islii.